Vita vya Dhuluma na Marejeo Yake Nyumbani

Katika maswali ambayo wanadini na wanafalsafa wameyajadili tangu enzi za kale, liko moja ambalo kwa watu wa Kibondo na Kasulu si la vitabuni tu, kwa kuwa majibu yake yamekuwa yakivuka mpaka kwa miguu, mizigo kichwani na watoto mgongoni, kwa zaidi ya miaka 50. Swali lenyewe ni hili: mtawala anapotuma jeshi katika nchi ya mwenziwe pasipo haki, au kwa haki ndogo aliyoipanua mpaka ikageuka dhuluma, je, taksiri hiyo hukaa kule ilikotendwa, au humfuata nyumbani ikaigeuza dola yake mwenyewe? Na yule rafiki aliyefuatana naye, ambaye hakuanzisha ugomvi ila aliazima askari wake kwa ajili ya udugu au kwa tamaa ya ngawira, je, huhesabiwa kuwa msaidizi tu, au naye hupatwa na yayo hayo? Mimi naamini kwamba vita vya dhuluma, kabla havijabomoa nyumba moja ya adui, huwa vimekwisha kuondoa kitu katika nchi ya mwenye kuvianzisha, nacho ni haki ya raia kumwuliza mtawala wake. Na kwamba mshirika hupoteza kitu hicho hicho, hata pale anapodhani amekopesha bunduki tu.

Vitabu vya dini havikulinyamazia jambo hili. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme mna habari ya Ahabu, mfalme wa Israeli, aliyekuwa na dai juu ya mji wa Ramoth-Gileadi uliokuwa mikononi mwa Washami, akamwomba Yehoshafati, mfalme wa Yuda, waende pamoja kuutwaa. Dai la Ahabu halikuwa la uongo mtupu, wala Yehoshafati hakuwa mtu mwovu; alikuwa mcha Mungu, na kwa uchaji huo akataka kwanza shauri la Bwana litafutwe. Ndipo Ahabu alipokusanya manabii wapatao 400, nao wote kwa sauti moja wakamwahidi ushindi; na alipoitwa Mikaya, mwana wa Imla, ambaye alikuwa peke yake, naye akasema kinyume chao, alipigwa kofi mbele ya wafalme wawili, kisha akatiwa gerezani kwa chakula haba mpaka mfalme atakaporudi. Msomaji na atazame jinsi mambo yalivyofuatana: jeshi halijaondoka mjini, upanga haujachomolewa, Mshami mmoja hajauawa, lakini tayari vita vimekwisha kufanya mambo mawili katika Israeli, maana wasemao ndiyo wamekuwa sauti ya taifa, na asemaye la amekuwa mfungwa.

Sehemu ya habari hii ambayo wahubiri wengi huipita upesi ni ile ya mshirika. Yehoshafati aliyasikia maneno ya Mikaya kwa masikio yake, akaona anavyopelekwa gerezani, akanyamaza, akaenda vitani. Huko Ahabu alijibadilisha mavazi asijulikane, akamwacha rafiki yake avae mavazi ya kifalme, hata maadui wakamwandama yeye wakidhani ndiye waliyekuwa wakimtafuta. Aliokoka, akarudi Yerusalemu mzima, akakemewa na nabii Yehu kwa kuwasaidia waovu, na kosa lake likaonekana kuwa limepita. Lakini udugu ule ulikuwa umefungwa kwa ndoa, kwa kuwa mwanawe Yehoramu alimwoa binti wa nyumba ya Ahabu. Na Yehoramu alipokalia kiti cha baba yake aliwaua ndugu zake sita pamoja na baadhi ya wakuu wa nchi, na hatimaye Athalia, binti huyo, akaangamiza uzao wa kifalme wa Yuda akatawala mwenyewe kwa miaka sita. Damu iliyomwagwa kwa ajili ya mji wa mbali iliishia kumwagika katika jumba la mshirika, baina ya watu wa tumbo moja.

Uislamu umeliweka jambo lilo hilo katika kanuni fupi. Mtume aliwafundisha masahaba wake kwamba mtu amnusuru nduguye akiwa mdhulumiwa na hata akiwa dhalimu. Nao walipostaajabu na kuuliza dhalimu hunusuriwa vipi, aliwaeleza kuwa kumnusuru ni kumzuia na dhuluma yake. Sijaona mizani ya ushirika iliyo sahihi kuliko hiyo. Rafiki wa kweli wa mwenye kudhulumu humshika mkono; anayempa upanga wa pili hakumnusuru, na amejidhulumu mwenyewe kwa kuwa ameridhia nyumbani kwake kanuni ile ile itumikayo kwa mwenziwe.

Sasa tushuke kutoka Gileadi mpaka nchi za jirani zetu. Mwishoni mwa mwaka 1996 majeshi ya Rwanda, kwa msaada wa Uganda, yaliingia mashariki ya Zaire, ndiyo Kongo ya leo, pamoja na wapiganaji wa Laurent Kabila, aliyekuwa amekaa miaka mingi katika Tanzania, na mwezi wa Mei 1997 Kinshasa ikaanguka. Rwanda ilikanusha kwanza kwamba askari wake wamo, kisha Julai 1997 Paul Kagame, aliyekuwa Makamu wa Rais na Waziri wa Ulinzi, akakiri hadharani kuwa wao ndio walioipanga na kuiongoza safari ile. Mwaka mmoja baadaye Kabila aliwataka walinzi wake waondoke, na tarehe 2 Agosti 1998 vita vya pili vikaanza, Rwanda na Uganda zikiwa upande mmoja pamoja na Burundi, na Zimbabwe, Angola na Namibia zikimsaidia Kabila. Watu wa Fizi na Uvira waliokimbia vita vya kwanza walivuka Ziwa Tanganyika wakapelekwa Kasulu, na kwa ajili yao ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu, ambayo ipo hata leo.

Rwanda ilikuwa na sababu, tena sababu nzito kuliko ile ya Ahabu. Mauaji ya kimbari ya Watutsi ya mwaka 1994 yalikuwa yametokea mbele ya macho ya ulimwengu mzima, na wauaji walikuwa wamekaa katika kambi za Goma na Bukavu, karibu na mpaka, wakipokea chakula cha msaada na kujipanga upya kwa silaha, wala hapakuwa na dola iliyokuwa tayari kuwatenga na wakimbizi wema. Mtu asiyeiona haki ya Rwanda kujikinga na hatari hiyo hana insafu. Lakini haki ya kujikinga ina mpaka wa mahali na wa wakati. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, alipoandika masharti ya vita vya haki, alitaja matatu: mamlaka halali, sababu ya haki na nia njema. Hilo la tatu ndilo gumu, kwa kuwa nia imo moyoni na moyo haupekuliwi. Walakini ninadhani iko njia ya kuijua, nayo ni kutazama yale ambayo mtawala huwatendea watu wake wanaomwuliza. Mwenye nia ya kujikinga hana sababu ya kumwogopa mwulizaji, kwa kuwa kila swali humpa nafasi ya kuionyesha hatari aliyoiona. Bali mwenye nia nyingine humtia Mikaya gerezani.

Tuipime Uganda kwa kipimo hicho. Katiba yake ya mwaka 1995 ilitaka Bunge liwe na neno katika kupeleka askari nje ya nchi, lakini majeshi yalivuka mwaka 1998 kwanza, na maelezo yakafuata nyuma. Majemadari walizoea kusimamia dhahabu, almasi na mbao katika majimbo ambayo hayakuwa na mkaguzi, na jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa liliyaandika hayo tangu mwaka 2001, hata Serikali yenyewe ikalazimika kuunda tume chini ya Jaji David Porter. Mazoea hayo hayakubaki msituni. Kuhusu jeshi nyumbani yalifichuka malalamiko ya askari hewa, majina yaliyopokea mshahara pasipo watu. Na Kanali Kizza Besigye, aliyekuwa daktari wa Yoweri Museveni katika vita vya porini, alipogombea urais mwaka 2001 alikutana na vitisho, akaikimbia nchi mwaka uo huo. Mwaka 2005 ukomo wa vipindi vya urais ukaondolewa katika Katiba. Sisemi kwamba vita vya Kongo peke yake vilileta yote hayo. Nasema kwamba dola iliyojifunza kwa miaka mitano kutumia jeshi na mali bila kuulizwa ilikuwa imekwisha kupata desturi, na desturi ya mtawala haina mlango wa nje na mlango wa ndani.

Hesabu ya fedha nayo inafunza. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua tarehe 19 Desemba 2005 kwamba Uganda ilivunja sheria ya mataifa katika Kongo, na tarehe 9 Februari 2022 ikaiamuru ilipe dola milioni 325 za Marekani kwa mafungu matano ya milioni 65 kila mwaka. Fedha hizo ni kodi ya mkulima wa kahawa wa Masaka na mchuuzi wa Mbale, ambao wengi wao walikuwa watoto vita vilipoanza, na baadhi hawakuwa wamezaliwa. Ngawira iliingia katika mifuko ya wachache. Deni likaandikwa kwa jina la wote.

Na ushirika wenyewe uliishaje? Rwanda na Uganda zilikuwa kama aila moja, kwa kuwa Kagame na wenziwe walipigana katika jeshi la Museveni, na chama chao kilianzia vita vyake Uganda tarehe 1 Oktoba 1990. Lakini walipokutana Kisangani, mji ulio mamia ya kilomita kutoka mpaka wa Rwanda, mbali kabisa na kambi zilizokuwa sababu ya kwanza, walipigana wao kwa wao mwezi wa Agosti 1999, tena Mei 2000, na tena kwa siku sita mwezi wa Juni 2000, wakivurumishiana maelfu ya makombora juu ya paa za watu wasiokuwa Wanyarwanda wala Waganda. Baada ya hapo kila mmoja alianza kutafuta maadui wa mwenziwe miongoni mwa raia wake mwenyewe. Maofisa waliokosana na serikali moja walikimbilia kwa nyingine, Uganda ikaitangaza Rwanda kuwa nchi hasimu, na Novemba 2001 viongozi hao wawili ikawabidi kupatanishwa London. Uhasama ule haukufa, kwa maana mpaka wa Gatuna ulifungwa Februari 2019 mpaka mwisho wa Januari 2022, na muuza viazi wa Kabale aliyekuwa hajui lolote la Kisangani akakosa soko lake kwa miaka karibu mitatu.

Nchini Rwanda, katika miaka ile ile ya vita, Spika wa Bunge Joseph Sebarenzi alijiuzulu mwanzoni mwa mwaka 2000 akaikimbia nchi, na Rais Pasteur Bizimungu alijiuzulu mwezi wa Machi mwaka huo, akakamatwa mwaka 2002 baada ya kuunda chama chake, akahukumiwa kifungo, akasamehewa mwaka 2007. Nchi hiyo imejengwa upya kwa nidhamu ambayo majirani wengi huitamani, na mwenye haki hatalificha hilo. Ila pale ambapo neno la usalama linaweza kujibu kila swali, maswali hukoma kuulizwa, na uchaguzi wa Julai 2024 ulipotoa kura zaidi ya asilimia 99 kwa mtu mmoja, mimi niliwakumbuka wale manabii 400. Tena vita havijakwisha. Goma ilianguka mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, na tarehe 21 Februari Baraza la Usalama, kwa azimio 2773, likalitaka jeshi la Rwanda liache kuwasaidia wapiganaji hao na liondoke Kongo.

Burundi inatuhusu sisi wa nyanda za juu kuliko zote, kwa kuwa Muha na Mrundi husikilizana lugha pasipo mkalimani. Pierre Buyoya, aliyetwaa madaraka kwa jeshi mwezi wa Julai 1996 na kuwekewa vikwazo na majirani, alipeleka askari ng'ambo ya ziwa katika vita vya pili vya Kongo akisema anawaandama waasi wa nchi yake. Na waasi hao, kwa upande wao, walipata silaha na mafunzo kwa Kabila, maana kila mshirika wa upande mmoja humzalia adui yake mshirika wa upande wa pili. Vita vilivyotafutwa mbali vikarudi mpaka kwenye vilima vya Bujumbura, na Septemba 1999 Serikali iliwahamisha watu zaidi ya laki tatu kutoka mashamba yao ikawakusanya katika kambi za ulinzi, raia wakitendewa kama ardhi ya adui. Wenye nguvu za kutembea walivuka kuja kwetu, na Kibondo ikawa na Kanembwa, Mtendeli, Nduta na Karago, na Kasulu ikawa na Mtabila na Muyovosi. Makubaliano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000, ambayo Mwalimu Nyerere aliyaanza na Mzee Mandela akayamaliza, yalirudisha wengi makwao. Lakini jeshi na waasi walikuwa wameshayazoea mamlaka ya bunduki, na Pierre Nkurunziza, kiongozi wa waasi aliyekuwa Rais, alipong'ang'ania kipindi cha tatu mwaka 2015, Nduta ikafunguliwa upya na Nyarugusu ikafurika.

Hapa msomaji ana haki ya kuuliza: na Tanzania je? Iddi Amini wa Uganda alivamia Kagera mwezi wa Oktoba 1978, wakati jeshi lake mwenyewe lilikuwa limegawanyika na maasi yamezuka ndani yake, akatangaza kuwa nchi ile ni yake. Na Libya ya Muammar Gaddafi, ambayo haikuwa na dai lolote juu ya mto Kagera, ilimletea askari waliokwenda kufa Lukaya kwa ajili ya jambo ambalo watu wa Tripoli hawakuulizwa wala kuelezwa. Ile ilikuwa dhuluma ya mvamizi na upotofu wa mshirika bila pazia. Sisi tulikuwa na mamlaka halali na sababu ya haki, na Kampala ilipokombolewa tarehe 11 Aprili 1979 tulikuwa tumelipa gharama peke yetu. Walakini hata vita vya haki huacha deni. Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, na miezi hiyo ikawa miaka ya maduka matupu. Bunduki zilizorudi na vita zikaonekana mikononi mwa majambazi. Na mwaka 1983 watu wengi walikamatwa kwa jina la uhujumu uchumi na kupelekwa mbele ya mahakama maalumu, nje ya utaratibu wa kawaida wa korti. Ikiwa aliyepigana kwa haki aliona utawala wake ukikazana hivyo, ni nini kitakachomsalimisha apiganaye kwa dhuluma?

Vita vya wengine vimetugeuza pia sisi tuliokuwa wenyeji tu. Warundi waliokuja mwaka 1972 walipewa mashamba Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na baadaye zaidi ya laki moja na nusu wakapewa uraia; bali waliokuja katika miaka ya 1990 walikusanywa kutoka vijijini mwaka 1997 wakafungiwa kambini, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ikaandika kizuizi hicho. Siku ya mgao kambini Nyarugusu mama husimama kwenye foleni na kadi ya familia. Unga hupimwa, maharage hupimwa, mafuta humiminwa katika dumu dogo, chumvi hufungwa pembeni ya kitenge, na wafadhili wanapopunguza fedha kipimo hushuka, bila hata mmoja katika foleni kuulizwa. Kisha huenda kutafuta kuni upande wa Makere, ambako mkulima wa Kiha, ambaye naye ameona miti yake ikiisha, humtazama kwa jicho la mashaka. Mama huyo na mkulima huyo hawakuamua lolote katika vita vya mwaka 1996. Hata hivyo uhasama wa wakubwa umefika mpaka kwenye mzigo wa kuni. Wahenga wa pwani walisema kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na nimeona kuwa dhuluma nayo husafiri hivyo.

Kutokana na hayo natoa mambo mawili ya faradhi, moja kwa wenye mamlaka na moja kwa raia. Dola inayoombwa na rafiki yake kumsindikiza vitani isiulize kwanza kama rafiki ni mwema au kama faida ni kubwa, bali iulize kama katika nchi ya rafiki huyo yuko mtu anayeweza kusema la akalala nyumbani kwake usiku huo. Akikosekana, nusura iliyobaki ni kumshika mkono, kama majirani walivyofanya Arusha, ijapokuwa udugu utaingia uchungu. Na raia, awe msikitini Ujiji au kanisani Kabanga, asiseme kwamba vita vya serikali yake katika nchi ya mbali havimhusu, kwa kuwa siku atakapohitaji kuuliza habari ya kodi yake, ya shamba lake au ya mwanawe aliyekamatwa, atajibiwa kwa sauti ile ile aliyoiacha ijizoeze juu ya wengine. Mikaya hakuweza kuizuia Ramoth-Gileadi, lakini kama Yehoshafati angalisimama upande wake asubuhi ile, Yuda ingaliokoka na Athalia.